Wali wa Jirani Yetu wa Mtaa wa Kumi

Mashariki ya jiji la Cairo, katika eneo la Madinat Nasr, upo mtaa ambao Wamisri wanauita al-Hayy al-Ashir, yaani Mtaa wa Kumi. Msafiri anayekwenda Misri kutazama mapiramidi hana sababu ya kufika huko. Hakuna kasri wala makumbusho. Kuna maghorofa ya rangi ya vumbi yaliyobanana, kamba za nguo zilizojaa kila dirisha, wauza machungwa wenye mikokoteni ya punda, na mabasi madogo ambayo utingo wake hutangaza mwisho wa safari kwa kelele akining'inia mlangoni, kama wa kwetu. Lakini mwanafunzi wa al-Azhar anaujua mtaa huo kama anavyoujua mtaa aliozaliwa, kwa kuwa kodi yake ni nafuu na chuo hakiko mbali. Ukitoka msikitini baada ya swala ya Alfajiri, utasikia Kihausa, Kisomali, Kiindonesia, Kimalei na, alhamdulillahi, Kiswahili.

Sisi tulikuwa wanne katika nyumba ya ghorofa ya tatu: mmoja wa Wete, mmoja wa Lamu, mmoja wa Ujiji, na mwandishi wa makala haya kutoka Tanga. Chini yetu, ghorofa ya pili, waliishi vijana watano wa Malaysia. Makala haya yanamhusu mmoja wao, kijana wa jimbo la Kelantan, pwani ya kaskazini-mashariki ya rasi ya Malaysia. Hatutamtaja kwa jina. Tutamwita jirani, kwa sababu ndivyo tulivyomwita wakati ule, na kwa sababu neno hilo ni lake kama lilivyo letu. Kimalei nacho kimelichukua kutoka Kiarabu. Wao husema jiran.

NASI SI NAZI

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 2009, majira ya baridi. Watu wa pwani wakisikia Misri hufikiria joto la jangwa. Hawajui kwamba mwezi wa Desemba na Januari, katika nyumba za saruji zisizo na kitu cha kupasha joto, mtu hulala na soksi na koti. Wenzake jirani walipanda kutuambia kwamba mwenzao anaumwa homa, na leo ni siku ya tatu hajala kitu. Tukashuka kumjulia hali. Tulimkuta amejikunyata chini ya mablanketi mawili, pembeni yake pana bakuli la maharage ya ful yaliyokwisha kuganda. Tukamuuliza kwa Kiarabu, lugha pekee tuliyoshirikiana naye, roho yake inatamani nini. Akajibu neno moja: "Nasi."

Katika Kiarabu tulichokuwa tukikisoma, nasi ni mtu aliyesahau. Mwenzetu wa Wete alidhani homa imempanda kichwani. Mwenzetu wa Lamu yeye alisikia Kiswahili. Bila ya kuuliza zaidi alitoka, akapanda basi hadi soko la Ataba, akarudi baada ya saa mbili na nusu akiwa ameshika nazi kavu moja kama mtu aliyebeba yai. Jirani aliitazama ile nazi, akatutazama sisi, kisha akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

Nasi, alitueleza alipopata pumzi, kwa Kimalei ni wali. Nazi wao huiita kelapa. Alichokuwa akikitamani ni nasi lemak. Alipoanza kutueleza chakula hicho ni kitu gani, sote wanne tulinyamaza, maana ni mchele uliopikwa kwa tui la nazi. Mwenzetu wa Lamu alikuwa amekosea neno, lakini hakukosea chakula.

Tukamwomba atueleze vizuri. Neno lemak, alisema, ni mafuta, yaani ule unono wa tui. Mchele hutiwa tuini pamoja na kipande cha tangawizi na jani refu la kijani liitwalo pandan, lililofungwa fundo. Pembeni huwekwa sambal, ambayo ni pilipili kavu iliyosagwa na vitunguu, ikatiwa ukwaju, sukari kidogo na belacan, ule mkate mgumu wa uduvi uliochachushwa, kisha ikakaangwa mpaka mafuta yake yakajitenga. Halafu huwekwa dagaa wadogo wa baharini, ikan bilis, waliokaangwa wakawa wakavu, karanga za kukaanga, vipande vya tango, na yai. Chakula hicho huliwa asubuhi na mapema. Wauzaji hukifunga kwa jani la mgomba, kila fungu likasimama kwa umbo la piramidi. Tajiri hukila na maskini hukila.

"Nimesafiri mpaka nchi ya mapiramidi," alisema jirani, "na piramidi ninayoitaka nimeiacha nyumbani."

Alicheka tena, lakini tuliona macho yake. Mama yake, alituambia, huamka kabla ya Alfajiri kupika, na tangu utoto wake hakuamshwa na adhana peke yake. Harufu ya pandan kutoka jikoni ilitangulia.

ELIMU AU WALI

Tuseme ukweli, si wote waliomwelewa. Mmoja wa wanafunzi wakubwa, mtu mwenye heshima yake, alimwambia mbele yetu: "Umekuja hapa kutafuta elimu au wali?" Jirani aliinamisha kichwa. Sisi tulikuwa wadogo, hatukuweza kumjibu mkubwa, lakini swali lile halikututoka. Baadaye jirani alitukiri kwamba wiki ile ile alikuwa amekwisha kumpigia simu baba yake, akamwambia kwamba anataka kurudi, aache masomo.

Tulilirudia swali lile usiku, tukiwa juu kwetu. Mwenzetu wa Wete, ambaye katika sisi ndiye aliyekuwa na kumbukumbu nzuri ya hadithi, alitukumbusha kisa kilichopokewa na Bukhari na Muslim, cha Mtume (s.a.w.) kuletewa nyama ya kenge wa jangwani naye asile. Alipoulizwa na Khalid bin Walid kama ni haramu, alijibu kwa maana ya kwamba si haramu, ila mnyama yule hapatikani katika ardhi ya watu wake, na nafsi yake haimtaki. Khalid akala, na hakukatazwa. Basi ikiwa nafsi tukufu kuliko zote iliachiwa haki ya kukumbuka ardhi yake mbele ya chakula, kwa nini kijana wa miaka 19 aaibishwe kwa kuutamani wali wa mama yake?

Isitoshe, sisi wenyewe hatukuwa na uso wa kumlaumu. Wamisri ni watu wakarimu na chakula chao ni kizuri, lakini kila kitu kina siku zake. Ful asubuhi, koshari mchana, mkate na jibini usiku, wiki baada ya wiki. Mchele wao ni wa punje fupi, hupikwa na tambi. Tulikuwa tumekaa Cairo mwaka mzima bila ya kuonja tui, na kila mmoja wetu alikuwa akiona haya kuwa wa kwanza kulisema hilo.

Waislamu wa rasi na visiwa vile si wageni wa Cairo. Tayari katika karne ya 19, ndani ya Msikiti wa al-Azhar palikuwa na riwaq yao, sehemu maalumu ya wanafunzi wa Kijawi. Wakati wetu, wanafunzi wa Malaysia walikuwa maelfu nchini Misri, wenye jumuiya zao na mabweni yao, na katika mtaa wetu palikuwa na vijimkahawa vilivyopika vyakula vyao. Nasi lemak ilipatikana. Lakini ilikuwa ghali kwa mfuko wa mwanafunzi mwishoni mwa mwezi, na jirani alisema kwamba ile ya kununua ilizidisha hamu badala ya kuituliza, kama kupata barua yenye mwandiko wa mtu mwingine.

SUFURIA MOJA

Homa ilipomtoka, tulipanga siku. Ijumaa asubuhi tulikwenda kwa miguu kutoka al-Azhar mpaka maduka ya viungo, na hapo ndipo tulipogundua jinsi jambo lenyewe lilivyo karibu. Ukwaju wa sambal, ambao wao huuita asam jawa, Wamisri huuita tamr hindi na huunywa kama sharubati. Upo kila duka. Karanga Wamisri huziita ful sudani. Nazi, jauz al-hind, hupatikana zaidi ikiwa imekwisha kukunwa na kukaushwa kwa ajili ya keki za basbusa, na nazi nzima ni ya kubahatisha. Tulinunua iliyokaushwa kilo moja, tukairoweka katika maji ya moto, tukaikamua kwa kitambaa cha shashi mara mbili, tui zito mbali na tui jepesi mbali.

Ile nazi moja ya Ataba tuliikuna wenyewe. Mwenzetu wa Lamu alikuwa na mbuzi, aliyefungashiwa na bibi yake baina ya vitabu na nguo. Jirani alipomwona mbuzi yule alipiga kelele ya furaha. Kwao kipo chombo kama hicho hicho, kigoda chenye ulimi wa chuma, na jina lake ni kukur. Sisi tunakuna, wao wana kukur. Hatukujua kama maneno haya ni ndugu au yanafanana tu, lakini siku ile tuliyahesabu kuwa ndugu.

Dagaa walikuwa wa mwenzetu wa Ujiji. Ni wa Ziwa Tanganyika, si wa bahari ya kusini ya China, na jirani aliwatazama kwa shaka. Pandan hatukuipata. Tulipomuuliza ni mmea wa namna gani, akachora kwenye karatasi majani marefu yenye kuchomoza kwa mzunguko, na mwenzetu wa Lamu akasema: "Huo ni mkadi." Si mkadi wenyewe, bali ni jamaa moja nao. Mkadi wetu hutumika maua yake, kwa manukato ya wanawake, na hatukuwahi kufikiri kwamba mtu angeutia ndugu yake katika wali.

Belacan alikuwa nayo yeye, kipande kidogo kilichofungwa kwa mifuko mitatu. Alipokianika juu ya moto, harufu ilishuka ngazi mpaka chini, na bawabu wetu, mzee wa Kisaidi aliyekuwa tukimwita Ammi, alipanda kutuuliza kama bomba la maji machafu limepasuka. Jirani akamjibu kwa adabu, "Ya Ammi, na fesikh yenu je?" Fesikh ni samaki waliovundikwa kwa chumvi, ambao Wamisri hula siku ya Sham al-Nasim, na harufu yake haihitaji maelezo. Mzee alicheka, akakaa, akangoja sahani yake.

Wali ulipoinjikwa, jirani alimpigia simu mama yake. Saa nne asubuhi ya Cairo wakati wa baridi ni saa kumi jioni Kelantan. Aliiweka simu juu ya meza, sauti ya yule mama ikajaa jikoni kwetu. Tulifundishwa kumwita Mak Cik, jina la heshima kwa mwanamke wa rika la mama mdogo. Hakujua Kiarabu, nasi hatukujua Kimalei, lakini alipouliza jambo na mwanawe akaonyesha kwa kidole kiwango cha tui juu ya mchele, sote tuliyaelewa majibu. Tui zito litiwe mwisho. Moto upunguzwe. Kifuniko kisifunuliwe ovyo. Ni maneno ambayo kila mmoja wetu aliwahi kuyasikia kwa mama yake.

Tulipokula, jirani hakusema kitu mpaka alipomaliza sahani. Kisha akasema: "Karibu." Hakumaanisha kutukaribisha. Alimaanisha umekaribia. Pandan haimo, dagaa ni wa ziwani, mchele unashikana. Lakini umekaribia. Akaomba sahani ya pili, na zile habari za kurudi kwao hatukuzisikia tena.

Tangu hapo, Ijumaa moja kila mwezi ilikuwa ya sufuria ile. Mak Cik alipopata habari ya dagaa wa ziwani, alituma bati la dagaa wa kwao kwa mkono wa mwanafunzi aliyekuwa akirejea kutoka likizo. Dagaa wale aliwachambua mwenyewe, mmoja mmoja: kichwa ametoa, tumbo ametoa, mwili ameupasua mara mbili kwa kidole gumba. Dagaa mwenyewe hazidi kidole. Tulijaribu kuhesabu ni wangapi katika bati, tukaacha.

BATI LA AMANA

Wasomaji wengi wanakumbuka Januari ya mwaka 2011. Maandamano yalianza tarehe 25. Ijumaa ya tarehe 28 simu za mkononi na intaneti vilikatwa, na jioni ikatangazwa amri ya kutotoka nje. Polisi waliondoka mitaani. Vijana wa mtaa wetu walijipanga usiku na marungu na vyuma, wakawasha moto kwenye mapipa na kulinda milango ya majengo. Nasi tulishika zamu pamoja nao. Simu zilirudi siku iliyofuata, lakini mabenki yalifungwa, na fedha tulizokuwa nazo zilikuwa za siku mbili.

Mwanzoni mwa Februari serikali ya Malaysia iliwaondoa wanafunzi wake kwa ndege hadi Jeddah, na kutoka huko wakarejeshwa nyumbani. Majirani zetu waliambiwa asubuhi, wakaondoka mchana. Kila mmoja na begi moja. Jirani alipanda ngazi mbio, akatutia ufunguo mkononi, akasema: "Ni amana," akashuka. Hatukuagana zaidi ya hapo.

Sisi tulibaki, kila mmoja kwa sababu yake. Siku ya tatu baada ya wao kuondoka, tulikuwa tumebakiwa na chai, sukari na mikate ya foleni. Tulijua vizuri kilichomo katika nyumba ya chini: gunia la mchele lililo nusu, makopo ya tui, na bati jipya la dagaa lililofika wiki mbili kabla.

Mwenzetu wa Ujiji ndiye aliyesema tulilokuwa tukilifikiri wote. Ufunguo tunao, njaa tunayo, na jirani angefurahi. Mwenzetu wa Wete akamjibu: "Yakhe, tumepewa ufunguo, hatukupewa mchele." Mwenzetu wa Lamu akataja darura. Yule wa Wete akasema: "Darura ni ya mtu anayechelea kufa. Sisi tumechoka mkate tu." Yote hayo tulikuwa tumeyasoma darasani, kwamba aliyewekewa amana hana ruhusa ya kuitumia bila ya idhini ya mwenyewe, na akiitumia inakuwa dhamana shingoni mwake. Tulikuwa tumeyaandika katika mtihani na kupata alama nzuri. Usiku ule ndio tulioyasoma kweli, tumbo likiunguruma na harufu ya wali ikiwa katika fikra zetu tu.

Hatukushuka. Hatulisemi hili kwa kujisifu, maana tulikaribia sana kushuka.

Siku ya pili yake simu ililia. Alikuwa jirani, akipiga kutoka Jeddah kwa simu ya kuazima. Aliuliza kama tuko salama, kisha akauliza kama mchele umetutosha. Tulipomwambia kwamba hatujaugusa, alinyamaza muda mrefu mpaka tukadhani simu imekatika. Kisha akasema: "Kuleni, ndugu zangu. Mama akijua kwamba mlilala na njaa na wali wake uko chini yenu, atanikasirikia mimi."

Tulipika usiku ule ule. Sufuria ilikuwa kubwa kuliko haja yetu, kwa hiyo tuliishusha mlangoni kwa vijana wa ulinzi. Wamisri waliokuwa wakilinda mtaa wao kwa marungu waliula wali wa Kelantan kwa kuuchota na vipande vya mkate, na mmoja akauliza kwa nini samaki hawa hawana vichwa. Tukamwambia kuna mama aliyekaa akawachambua. Akaliangalia pande lake la mkate, akala taratibu zaidi.

Tulipika tena mara moja. Mabenki yalipofunguliwa tarehe 6 Februari, tulinunua mchele tukaurudisha kwa kiasi tulichotumia, na makopo ya tui tukayafidia kwa tulichokipata. Dagaa hawakuwa na badala. Ruhusa tulikuwa nayo, lakini mwenzetu wa Wete alisema kwamba kazi ya mkono wa mtu hailipiki, basi tuiache iliyobaki mpaka arudi mwenyewe. Tukalifunga bati likiwa nusu, tukalirudisha mahali pake juu ya kabati, tukafunga mlango.

ALIPORUDI

Jirani alirudi mwezi wa Aprili. Tulimpokea ngazini kwa kelele, lakini tulipomkumbatia tuliona amekonda. Hakusema kitu mpaka alipoingia ndani na kuliona lile bati. Alilifungua, akamtoa dagaa mmoja, akamweka kiganjani.

Mak Cik alikuwa mgonjwa, na alikuwa ameificha habari hiyo ili mwanawe asiache masomo. Alipofika nyumbani mwezi wa Februari ndipo alipomwona alivyo. Alikaa naye wiki tano, akimlisha kwa mkono wake, mpaka alipofariki katikati ya Machi. Alisema kwamba lau si vurugu za Cairo, angeipata habari ya kifo kwa simu, kama wengi walio mbali wanavyozipata. Na alisema kwamba katika wiki zile tano mama yake hakuweza tena kukaa jikoni. Bati hili lilikuwa la mwisho alilolifungasha.

Sisi tulikuwa tumesimama mbele yake, watu wanne waliokula nusu yake. Hakutulaumu, na hakukuwa na la kulaumu. Lakini tunaijua hesabu tuliyoifanya kimoyomoyo wakati ule, ya kile ambacho kingebaki humo lau tungeshuka usiku ule wa kwanza, na lau tusingefunga bati mwenzetu alipotuambia tufunge.

Tulifikiri ataiweka nusu ile iwe kumbukumbu. Badala yake, Ijumaa iliyofuata alipanda kuomba sufuria kubwa. Alikuwa amekuja na majani ya pandan kutoka mmea ulio nje ya jiko la mama yake, dada yake ameyafunga kwa kitambaa kibichi. Kwa mara ya kwanza tukaisikia ile harufu aliyokuwa akituhadithia. Mwenzetu wa Lamu alikiri kwamba hainukii kama mkadi. Ni harufu ya utulivu zaidi, karibu na mchele mpya unapoanza kuchemka.

Alipika peke yake, hakutaka msaada. Aliwakaanga dagaa wote, hakubakisha hata mmoja. Akapakua sahani, akazipeleka mwenyewe: kwa Ammi bawabu, kwa familia ya Kimisri ya ghorofa ya juu, kwa vijana waliolinda mlango, kwa yule mwanafunzi mkubwa aliyemuuliza juu ya elimu na wali. Kila mmoja alimwomba amwombee dua mama yake. Sisi tulikula mwisho. Yeye alikula ukoko, amesimama, akiukwangua kwa kijiko kutoka chini ya sufuria.

NYUMBANI

Miaka imepita. Leo tuko Tanga, tumejaaliwa familia, na tumepewa kazi ya ukatibu wa kamati ya msikiti. Katika kazi hii tunapokea wageni mara kwa mara: mwalimu wa madrasa kutoka mkoa wa mbali, kijana aliyehamishiwa kazi, mwanafunzi aliyepanga chumba. Kamati huuliza mambo ya maana, atalala wapi na atalipwa nini. Sisi tumeongeza swali moja: kwenu mnakula nini? Mwaka jana mwalimu wetu mmoja kutoka Bukoba alikuwa akifundisha vizuri lakini akipungua mwili. Alipoulizwa swali hilo aliona haya, kisha akataja ndizi. Mama mmoja wa mtaa wetu alizitafuta sokoni, akampelekea. Hakikuwa kitu kikubwa, na mwalimu bado yuko nasi.

Kwa familia zitakazopenda kujaribu, nyumbani kwetu tunafanya hivi. Vikombe viwili vya mchele, vilivyooshwa. Kikombe kimoja na nusu cha tui jepesi, chumvi, kipande cha tangawizi kilichopondwa. Pandan hatuna, kwa hiyo tunafunga fundo la mchaichai, ambao hata huko Malaysia wako wanaoutia. Maji yakikaribia kukauka, tui zito nusu kikombe, moto mdogo, kifuniko kisifunuliwe. Sambal ni pilipili kavu zilizorowekwa, vitunguu, ukwaju na sukari kidogo, vikaangwe taratibu mpaka mafuta yajitenge. Kisha dagaa, karanga, tango na yai. Watoto wanauita wali wa Malaysia. Bibi yao huwaambia kwamba ni wali wa nazi na dagaa, ambao ameupika maisha yake yote, na wote wana haki.

Jirani alipomaliza masomo na kufunga safari ya kurudi kwao, alituachia lile bati, tupu na limeoshwa. Limepata kutu ukingoni, lakini kifuniko chake bado kinabana. Lipo jikoni kwetu, tunahifadhia dagaa. Wanaochambuliwa nyumbani kwetu huchambuliwa na watoto, vichwa vingine wanavisahau.

Tunawaomba wasomaji mmwombee rehema mama yule wa Kelantan, pamoja na mama zetu sote waliotangulia. Allahumma amin.